Akaunti usiyoitaka ndiyo iko juu? Jinsi Bitwarden inavyopanga mapendekezo ya kuingia, na namna ya kuyaweka sawa

Kama paswedi zako ziko kwenye Bitwarden, ile programu ya kutunza paswedi, na una akaunti zaidi ya moja kwenye tovuti moja, hii kero unaijua. Unafungua ukurasa wa kuingia, unabofya kale kasanduku ka kuandika imeili, listi inashuka, halafu ya kwanza juu ni ile imeili ya kizamani uliyoifungua sijui kwa ajili ya nini, na ile unayotumia kila siku iko ya nne huko chini. Watu wengi wanadhani ni bahati nasibu tu. Siyo. Kuna sheria, tena chache, na ukishazijua utaacha kugombana na listi utaanza kuipunguza, maana dawa iko hapo hasa: mpangilio wenyewe hauna pa kuuvuta kwa mkono, lakini nani aingie kwenye listi na nani abaki nje hilo unaamua wewe.

Naelezea Bitwarden kwa sababu sosikodi yake, yaani maandishi yaliyoiunda, iko wazi, yeyote anaweza kusoma akaona inapanga vipi, na pia toleo la bure linatosha kabisa kwa mtu wa kawaida kwa hiyo wengi wetu ndiyo tuko nayo. Vitunza paswedi vya Chrome na Firefox, na programu nyingine kama KeePassXC, nitazigusa mwishoni kwa sababu zina tabia zao.

KWANZA UJUE INAFANYAJE

Ekstensheni, kale kaprogramu ka Bitwarden kanakokaa ndani ya brauza, inafanya kazi mbili na watu huwa wanazichanganya. Ya kwanza ni kuchuja: inaangalia anwani ya ukurasa uliopo, inapita sefu yako yote, yaani hifadhi ya paswedi zako, inatoa logini (jina la mtumiaji na paswedi yake) ambazo anwani yake inaendana na ya ukurasa. Ya pili ndiyo kupanga: zilizopita mchujo, ile iliyotumika karibuni kabisa inakaa juu, inafuata iliyotumika kabla yake, hivyo hivyo kushuka. Zile ambazo hujawahi kuzitumia kwenye kifaa hicho zinakaa mkiani, na huko mkiani zinapangana kwa alfabeti ya jina ulilozipa, majina yakilingana inaangalia jina la mtumiaji. Basi, imeisha. Hakuna akili bandia hapo, haijui akaunti ipi ni ya maana kwako na ipi ni takataka.

Hapo niliposema "kwenye kifaa hicho" pashike vizuri maana ndipo watu wanapopotelea. Paswedi zako zinasafiri kwenda kwenye seva na kurudi kwenye vifaa vyako vyote, lakini kumbukumbu ya lini ulitumia logini ipi haisafiri, inabaki ndani ya brauza hiyo hiyo. Ndiyo sababu laptopu ya kazini inakuletea akaunti ya kazi juu na ya nyumbani inakuletea ya kwako binafsi, wakati sefu ni moja. Na ndiyo sababu ukiweka ekstensheni kwenye brauza mpya unakuta listi imepangwa kialfabeti na unaona kama imechanganyikiwa, kumbe haijakuzoea tu bado.

Kuna na suala la nyota. Mtu anaweka nyota kwenye logini yake akitegemea itapanda juu, wapi. Kwenye muonekano wa sasa wa ekstensheni juu kuna sehemu ya mapendekezo ya ukurasa uliopo, chini yake sehemu ya vipendwa, na logini ikishatokea kwenye mapendekezo inaondolewa kwenye vipendwa ili isijirudie. Kwa hiyo unaweka nyota, unarudi kwenye ukurasa, unakuta kule kwenye vipendwa haipo na kwenye mapendekezo bado ni ya tatu vile vile. Programu haijaharibika. Nyota ni ya kukusaidia kupata kitu haraka ukiwa kwenye kurasa nyingine, haina kazi nyingine hapo.

HATUA YA 1: HAKIKISHA LISTI UNAYOIONA NI YA NANI

Hii inaonekana ya kitoto lakini nusu ya malalamiko yanaishia hapa. Chrome, Edge na Firefox zote zina kitunza paswedi chao wenyewe, na kama hujakizima unakuwa na listi mbili zinagombania kasanduku kamoja, moja ya brauza na moja ya Bitwarden, mara nyingine moja inaifunika nyingine. Unarekebisha Bitwarden wee, kumbe inayokusumbua ni ya Chrome. Ingia kwenye setingi za brauza, sehemu ya paswedi, zima ile ya kujitolea kuhifadhi paswedi na ile ya kuingia yenyewe. Paswedi zilizokwisha kuhifadhiwa kule usizifute kwanza mpaka uhakikishe zote ziko kwenye sefu.

Ukishamaliza fungua ukurasa unaokusumbua, uangalie ikoni ya Bitwarden pale juu kwenye brauza. Kuna kanamba kadogo juu yake. Hako kanamba ndiko idadi ya logini zilizopita mchujo kwa ukurasa huo. Kama ni 1 huna shida ya mpangilio. Kama ni 2 au 3 unaweza kuishi nayo. Kama ni 9 basi endelea kusoma, una kazi kidogo.

HATUA YA 2: FAGIA MARUDIO

Aliyehamia kutoka Chrome kwa kutoa paswedi zote kwenye faili la CSV, lile la jedwali, na kuliingiza Bitwarden, asilimia kubwa ana marudio. Bitwarden wakati wa kuingiza haikagui kama kitu kipo tayari, inapokea chote kama kilivyo, na ukiingiza faili hilo hilo mara mbili unapata kila kitu mara mbili. Halafu Chrome yenyewe ina tabia ya kuhifadhi akaunti moja chini ya kurasa tofauti za tovuti ile ile, ya kujisajili, ya kuingia, ya kubadilisha paswedi, na nyingine ina paswedi ya zamani kabla hujabadilisha. Zote zinakuja na jina moja na imeili moja, kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Fungua sefu kwenye tovuti yao, siyo kwenye ekstensheni, maana pale kuna nafasi ya kutosha na unaweza kuchagua vitu vingi kwa mpigo. Tafuta jina la tovuti, fungua kila moja uone imebadilishwa lini mara ya mwisho na paswedi yake ni ipi, bakisha inayofanya kazi. Ukifuta kitu kinakwenda kwenye pipa la taka na kinakaa siku 30 kabla hakijaondoka moja kwa moja, kwa hiyo usiogope sana, ukikosea unakirudisha.

Huku huku ukikutana na akaunti moja inayotumika kwenye anwani tofauti, mfano duka lenye .com na .co.ke ambalo akaunti ni hiyo hiyo, usitengeneze logini mbili. Logini moja inabeba anwani nyingi, bonyeza kuongeza anwani uweke ya pili chini ya ya kwanza. Ukitengeneza mbili siku ukibadilisha paswedi utabadilisha moja, na nyingine itaendelea kukaa kwenye listi ikikudanganya.

HATUA YA 3: BANA ANWANI

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, tulia kidogo.

Kila anwani ndani ya logini ina njia yake ya kulinganishwa na ukurasa. Ukifungua logini, ukabonyeza kuhariri, ukashuka sehemu ya Autofill options, pembeni ya anwani kuna kigiya, kibonyeze utaona chaguo zinashuka. Usipogusa kitu inatumia Base domain, ambayo ndiyo ya kuanzia kwa kila mtu. Base domain maana yake inaangalia domeini mama tu, yaani jina kuu la tovuti, na kupuuza kinachotangulia mbele, kwa hiyo kama umehifadhi barua.chuo.ac.tz itakubali na masomo.chuo.ac.tz na maktaba.chuo.ac.tz, kila kitu chini ya chuo.ac.tz. Haitafika mahali ikakuletea kila tovuti ya .ac.tz au .go.ke, inafahamu kwamba hivyo ni viishio vya umma, siyo domeini ya mtu. Hapo wametulia.

Sasa chukua mtu anayesimamia tovuti za wateja. Mteja mmoja, domeini moja, tuseme mteja.co.tz. Ana cPanel, yaani paneli ya kusimamia seva ya tovuti, kwenye mteja.co.tz:2083 (namba baada ya nukta mbili ndiyo poti, mlango wa huduma kwenye seva), ana barua pepe kwenye mteja.co.tz:2096, ana WordPress, programu ya kuendeshea tovuti yenyewe, kwenye mteja.co.tz/wp-login.php, na kwenye hiyo WordPress ana akaunti ya msimamizi na akaunti ya mwandishi. Kwa Base domain hizo logini nne zote zinatokea kila mahali. Unafungua barua pepe unapewa paswedi ya cPanel juu kwa sababu ndiyo uliyotoka kuitumia, unajaza, inakataa, unajaza tena, mara seva inakufungia IP.

Dawa yake inakwenda hivi. Logini ya cPanel na ya barua pepe ziweke Host. Host inaangalia jina kamili la seva pamoja na namba ya poti, kwa hiyo ya 2083 haitatokea kwenye 2096 na ya 2096 haitatokea kwenye 2083. Hakikisha tu poti imeandikwa ndani ya anwani uliyohifadhi, yaani https://mteja.co.tz:2083, maana watu wanaweka Host huku anwani haina poti halafu wanashangaa logini imepotea kabisa.

Za WordPress unaweza kudhani utumie Exact, lakini Exact inataka anwani yote ifanane herufi kwa herufi, na WordPress ina tabia ya kubandika maneno mengi baada ya wp-login.php ikikurudisha ulikotoka, ile redirect_to na mkia wake mrefu. Ikishabandika tu, Exact inakataa. Tumia Starts with, uandike https://mteja.co.tz/wp-login.php, hapo mkia ukija wowote inakubali kwa sababu mwanzo unafanana. Ukimaliza kote huko, kwenye ukurasa wa WordPress kanamba kanaonyesha 2 badala ya 4, na hizo mbili ni za WordPress kweli.

Tahadhari moja kubwa kuhusu Starts with na hii usiipite haraka. Usije ukaandika https://mteja.co.tz ukaishia hapo bila mkwaju, ile alama ya /. Kwa sababu anwani kama https://mteja.co.tz.tapeli.com nayo inaanza na maneno hayo hayo, na ekstensheni itakuona uko nyumbani, itakupa paswedi umkabidhi mwizi kwa mkono wako. Weka mkwaju baada ya domeini kila mara, https://mteja.co.tz/, halafu ndiyo uendelee na kingine. Kuna na chaguo la Regular expression kwa wale wanaojua kuandika hizo alama, kama hujui achana nalo, si lazima kila kitufe kibonyezwe.

Unaweza pia kubadilisha chaguo la kuanzia la sefu nzima, liko kwenye Settings, Autofill, Default URI match detection, ukaweka Host badala ya Base domain. Binafsi nashauri hivyo kwa mtu anayeshughulika na seva nyingi, lakini kwa mzazi au ndugu yako ambaye anataka tu kuingia Facebook usimfanyie, siku tovuti ikibadilisha kutoka www kwenda kitu kingine atakupigia simu usiku paswedi zimepotea.

Na kama unaona logini ya tovuti nyingine kabisa inajitokeza, mfano uko YouTube inakuja ya Gmail, hiyo siyo kosa. Bitwarden ina orodha ya domeini inazozihesabu kuwa ndugu, Google na YouTube wakiwemo. Orodha hiyo iko kwenye sefu ya tovuti, Settings, Domain rules, na unaweza kuliondoa kundi usilolitaka au kuongeza la kwako.

HATUA YA 4: MAJINA YANAYOSOMEKA

Mpaka hapa kuna listi ambazo hazibaniki kwa anwani hata ufanyeje, kwa sababu anwani ni ile ile. Mfano mzuri ni mhasibu wa Kenya anayewafailia wateja ritani. Wateja wote wanaingilia itax.kra.go.ke, na jina la mtumiaji ni PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, herufi moja, tarakimu tisa, herufi moja. Watu binafsi zinaanza na A, kampuni zinaanza na P. Sasa weka wateja kumi na kitu kwenye sefu, zote jina lake "itax.kra.go.ke" kama ekstensheni ilivyozihifadhi yenyewe, uone hiyo listi. Mistari kumi inayofanana, chini yake P na tarakimu, P na tarakimu, A na tarakimu. Wiki ya mwisho ya Juni, watu wanakimbizana na tarehe 30, mhasibu macho mekundu, juu ya listi yuko mteja aliyemhudumia mwisho, siyo anayemhudumia sasa. Kumfailia mtu ritani ya mwenzake ni jambo rahisi sana hapo.

Badilisha jina la kila kitu lianze na kile macho yako yanachokitafuta. Yaani siyo "iTax - Duka la Vitambaa", ni "Duka la Vitambaa - iTax". Kile kidirisha cha mapendekezo ni chembamba, jina likiwa refu linakatwa mwisho, kwa hiyo ukianza na iTax utaona iTax, iTax, iTax na nukta tatu. Mteja mwenye akaunti zaidi ya moja, ongeza neno la pili baada ya jina lake.

Wengine wanaweka namba mbele ya jina, 01, 02, 03, wakitegemea zitapangika. Sasa umeshajua kwa nini inafanya kazi siku ya kwanza tu: alfabeti inahesabika kwa zile ambazo hazijatumika, ukishaitumia 07 mara moja inapanda juu ya 01 na namba zako zimevurugika. Usijisumbue.

Kwa zile akaunti ambazo kukosea kuna gharama, washa ile ya kuulizwa paswedi kuu tena kabla ya kujaza, iko chini kwenye kuhariri logini, Master password re-prompt. Inakuchelewesha sekunde chache lakini inakulazimisha kusoma jina kabla hujabonyeza, na hizo sekunde ndizo unazozihitaji.

Ruta nazo ni jamii hiyo hiyo, tena mbaya zaidi. Ruta ya nyumbani 192.168.1.1, ya ofisini 192.168.1.1, ya dukani kwa shemeji 192.168.1.1, na jina la mtumiaji kote ni admin. Hakuna chaguo la anwani litakalozitenganisha, kwa brauza hizo ni mahali pamoja. Taja mahali na kifaa kwenye jina, "Dukani - ruta", "Ofisi - ruta ya chini", uachane nayo. Fundi wa waifai mwenye ruta za MikroTik za wateja kwenye 192.168.88.1 anajua ninachosema.

HATUA YA 5: ZIFICHE USIZOZITAKA

Hii ndiyo naipenda kuliko zote na watu wengi hawaijui. Kwenye lile lile kigiya la anwani kuna chaguo la Never. Ukiliweka, logini inabaki kwenye sefu, unaweza kuitafuta kwa jina na kuijaza au kukopi ukiitaka, ila haijitokezi yenyewe kwenye ukurasa wowote.

Angalia akaunti za Google. Mtu ana Gmail yake, ya biashara, ya kanisa au ya kikundi, ya mtoto wa shule, ile ya zamani ya chuo, zote zinaingilia accounts.google.com. Mbili ndiyo anazitumia, nyingine mara moja kwa mwaka. Hizo za mara moja kwa mwaka ziweke Never. Listi inabaki na mbili, na hizo mbili zitabadilishana nafasi zenyewe kwa matumizi, ambacho ndicho ulichokuwa unakitaka.

Kama hata mbili zinakukwaza, mfano hutaki kabisa ya kazi na ya nyumbani zikae pamoja, tengeneza profaili mbili kwenye brauza, yaani watumiaji wawili kila mmoja na setingi zake. Ekstensheni kwenye kila profaili ina kumbukumbu yake, kwa hiyo kila upande utazoea akaunti yake na kuiweka juu. Hapo ile tabia ya kumbukumbu kutosafiri inageuka kuwa msaada.

HATUA YA 6: TUMIA KIBODI

Ctrl+Shift+L, kwenye Mac Cmd+Shift+L. Inajaza logini iliyotumika mwisho kwa ukurasa huo bila kufungua kidirisha chochote. Siyo hiyo? Bonyeza tena, inakwenda ya pili, tena, ya tatu, mpaka inazunguka inarudi mwanzo. Ila bonyeza mfululizo. Ukibonyeza, ukakaa ukitafakari, ukabonyeza tena, listi inakuwa imeshapangwa upya na ile uliyojaza sasa hivi ndiyo imekuwa "iliyotumika mwisho", kwa hiyo utarudishiwa hiyo hiyo na utadhani kitufe kimekwama. Kwa logini mbili au tatu njia hii ni fasta kuliko mausi, kwa kumi na mbili hapana, utazunguka kama umepotea kwenye mitaa ya Kariakoo.

Kama haifanyi kitu kabisa, kuna ekstensheni nyingine imeshika vitufe hivyo. Kwenye Chrome na ndugu zake andika chrome://extensions/shortcuts kwenye sehemu ya anwani ubadilishe. Kwenye Firefox nenda about:addons, bonyeza kigiya, utaona sehemu ya kusimamia njia za mkato.

KUHUSU KUJAZA UKURASA UKIFUNGUKA TU

Kuna setingi ya kujaza yenyewe ukurasa unapofunguka, imezimwa kwa chaguo la kuanzia na ushauri wangu iache imezimwa. Lakini kwa wanaoitumia, ijulikane ina mpangilio wake. Inachukua logini iliyotumika mwisho, isipokuwa kama umefungua tovuti kwa kubonyeza ile alama ya kufungua iliyo kwenye logini yenyewe ndani ya ekstensheni: hapo kwa sekunde 30 inaipa kipaumbele hiyo uliyoifungulia. Kwa hiyo ukitaka akaunti fulani ijazwe, fungulia tovuti kutoka kwenye hiyo akaunti, usiandike anwani. Na kujazwa kwa namna hii hakuhesabiki kama matumizi, kwa hiyo hakupandishi logini juu ya listi, kinachopandisha ni wewe kuichagua au kubonyeza vitufe. Ukiwa na setingi hii pia kila logini inapata swichi yake, unaweza kuiwasha kwa moja na kuzima kwa nyingine za tovuti hiyo.

Sababu ya kuwa mwangalifu siyo nadharia. Agosti 2025 kwenye DEF CON 33, mkutano wa wadukuzi na watafiti wa usalama, mtafiti Marek Tóth alionyesha jinsi ukurasa mbaya unavyoweza kukificha kile kidirisha cha mapendekezo kisionekane, ukabofya kitu kingine kabisa, kumbe umebofya pendekezo la paswedi yako. Alijaribu ekstensheni 11 zinazojulikana, Bitwarden ikiwemo, na watengenezaji wakaanza kutoa marekebisho. Kwanza basi, apdeti ekstensheni. Pili, ile kazi ya Hatua ya 3 inasaidia na hapa, maana ukiwa umebana anwani, sabudomeini (tawi la domeini, kama ile maktaba.chuo.ac.tz) ya ovyo iliyotekwa kwenye tovuti hiyo hiyo haiwezi kuitisha logini yako kubwa. Na tatu, ukitaka kuwa salama zaidi zima kidirisha kinachotokea ndani ya kasanduku ubaki na kubofya ikoni ya juu au vitufe. Ni kwenye Settings, Autofill, chaguo la kwanza kabisa.

Halafu kitu kingine ambacho ni cha bure: ukiwa kwenye ukurasa wa benki yako uliouzoea na listi iko tupu, kanamba hakapo, simama. Usikimbilie kutafuta logini kwa mkono ukopi ukapesti. Soma anwani kwanza. Mara nyingi benki imehamisha ukurasa, lakini mara nyingine uko kwenye ukurasa wa feki na ekstensheni imekataa kwa sababu yenyewe inasoma herufi, haidanganywi na nembo.

KAMA HUTUMII BITWARDEN

Chrome inatanguliza zilizohifadhiwa kwa tovuti hiyo hasa, zile za sabudomeini nyingine zinafuata, na ndani yake iliyotumika karibuni ndiyo inapewa nafasi. Huna chaguo la Host wala Never kwa kila logini, unachoweza ni kufuta.

Firefox ina tabia tofauti kabisa na hapa watu wanapoteza muda mwingi: listi yake ya kwenye kasanduku inatanguliza zinazolingana na seva hiyo hasa, halafu inapanga kwa alfabeti ya jina la mtumiaji. Utumie akaunti moja mwaka mzima, kama imeili yake inaanza na z itakaa mwisho. Kwenye about:logins kuna kupanga kwa tarehe ya matumizi, lakini hiyo ni kwa ukurasa ule tu, haigusi listi ya kwenye tovuti.

KeePassXC, ambayo sefu yake ni faili kwenye kompyuta yako, ndiyo inayokupa usukani kidogo. Kwenye setingi za ekstensheni yake kuna sehemu ya kuchagua zipangwe kwa ulinganifu wa anwani au kwa kundi pamoja na jina, na kwenye programu yenyewe upande wa Browser Integration kuna kisanduku cha kurudisha zinazolingana zaidi tu badala ya za domeini nzima. Kiweke tiki hicho kwanza, mara nyingi kinatosha. Na kwa sababu makundi ni yako, yule mhasibu wetu angeweza kuweka kundi kwa kila mteja na listi ikafuata makundi, kila siku pale pale, haijali ametumia ipi jana.

1Password, kitunza paswedi kingine, nao kwenye kila anwani wana chaguo la kujaza popote kwenye tovuti, kwenye seva hiyo hiyo tu, au kutojaza kabisa. Ni mawazo yale yale ya Base domain, Host na Never kwa majina mengine, kwa hiyo Hatua ya 3 na ya 5 zifuate kama zilivyo.

Kwenye simu usitegemee mpangilio ufanane na wa kompyuta, kumbuka kumbukumbu haisafiri. Programu za Android zinatambulika kwa anwani inayoanza na androidapp:// na jina la kifurushi, yaani jina la ndani la aplikesheni, kwa hiyo kama tovuti inakuja vizuri lakini aplikesheni yake haileti pendekezo, fungua logini uongeze hiyo kama anwani ya pili. Ile ya tovuti uliyoibana Host iache kama ilivyo.